Kabla Hujamwita Mhusika Mwoga

Kila nikisahihisha kazi za kidato cha tatu za kuchambua wahusika wa hadithi fupi nakutana na majibu yaleyale: mkarimu, mwenye tamaa, mwoga, mwenye bidii. Sifa nne, mstari chini yake, kazi imekwisha. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020, na ambao mtihani wake wa kwanza wa UCE, ule wa kumaliza kidato cha nne, ulifanyika 2024, unataka mwanafunzi aonyeshe anavyofikiri. Orodha ya sifa haionyeshi hilo. Na kosa lenyewe huanza mapema, kalamu ikiwa bado mfukoni, ndiyo maana nazungumzia ya kufanya kabla ya kuandika.

Soma hadithi mara mbili. Mara ya kwanza isome kwa raha tu, hata ukiwa kwenye taksi unarudi nyumbani. Mara ya pili shika penseli. Ni hadithi fupi, kwa hiyo usiniambie muda haukutosha.

Halafu jiulize nani anasimulia. Msimulizi wa nafsi ya kwanza ni kama shahidi ambaye kesi inamhusu. Akisema mama wa kambo alikuwa katili, hayo ni madai yake. Tafuta mama huyo alifanya nini, siku gani, mbele ya nani. Msimulizi wa nafsi ya tatu naye ana anayempendelea, ila huficha vizuri zaidi.

Jambo ninalolipigania kuliko yote ni hili: usimhukumu mhusika kabla hujahesabu milango iliyokuwa wazi mbele yake. Darasani hutumia kisa nilichokitunga mwenyewe. Kijana anaishi na mjomba wake kwenye mwalo mmoja, mahali mashua za uvuvi zinapotia nanga, wa Ziwa Victoria. Mjomba anavua sangara wasiofika sentimita 50, jambo ambalo sheria inalikataza. Wanajeshi, ambao mwaka 2017 walianza kusaka uvuvi haramu ziwani, wanafika alfajiri na kumuuliza kijana: mashua hii ya nani? Kijana ananyamaza. Kisa kinaishia hapo.

Karibu darasa zima huandika kwamba kijana ni mwoga. Nawarudisha kwenye aya ya pili ya kisa, niliposema mjomba ndiye anayemlipia ada ya shule, na kwenye aya ya nne, shangazi anapoficha unga chini ya kitanda. Sasa hesabu. Akisema kweli, mjomba anakamatwa na shule imeisha. Akitaja jina la jirani, ameangamiza mtu asiye na hatia. Akikimbia, amejitia hatiani. Kunyamaza ndio mlango pekee usiomwangukia mtu yeyote papo hapo. Bado unaweza kumwita mwoga ukitaka, lakini sasa utalazimika kuthibitisha, na uthibitisho ndio wenye alama.

Chunguza pia desturi za mahali hadithi ilipowekwa. Msichana wa Buganda akipiga magoti kumsalimu mgeni, hiyo ni salamu. Ukiandika kwamba amekandamizwa, utahitaji ushahidi mwingine. Na kinyume chake ni hivyo hivyo. Ukisoma hadithi ya Pwani yenye posa, usidhani ndiyo kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba, unayoijua kwa shangazi yako. Uliza nani ana haki ya kukataa pale, na kukataa kunamgharimu nini. Huwezi kujua kama bibi harusi ameridhia au amesalimu amri ikiwa hujui hayo mawili.

Kuna jambo la kwetu hapa ambalo vitabu vya mwongozo sijaona vikiligusa. Kwa wazee wengi wa Uganda, Kiswahili kilikuja na sauti ya kambi ya jeshi: simama, kaa chini, toa kitambulisho. Watoto wameirithi sauti hiyo. Nimewasikia wakisoma maneno ya nyanya mpole wa Lamu kana kwamba ni sajenti, kisha wanaandika kwamba ni mkali. Kwa hiyo kabla ya kuamua tabia ya mtu kwa maneno yake, yasome kwa sauti ya chini, polepole, umtazame anayeambiwa anaitikia vipi. Akicheka, basi hakuamrishwa.

Mengine ni madogo. Kamusi iwe karibu, kwa sababu neno kama "heshima" au "aibu" linaweza kubeba uamuzi mzima wa mhusika. Wahusika wadogo usiwaruke; yule shangazi ana sentensi mbili tu, na bila yeye hujui njaa iliyomo nyumbani. Kisha soma swali: "eleza" si "thibitisha", na "jadili" hudai upande wa pili. Hapo naona alama nyingi zikipotea bure.

Muhula uliopita msichana mmoja aliyekulia mwaloni alinyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "askari hajui kweli mashua ni ya nani? Mwaloni kila mtu anajua." Darasa likatulia. Kama askari anajua, basi hakuuliza ili aambiwe jina, na kunyamaza kwa kijana kuna maana nyingine kabisa. Kisa nimekitunga mimi, na sikuwa nimeliwaza hilo. Tukafungua aya ya kwanza ya kisa tena, tukaanza kumtafuta yule askari.