Somo: Kuimarisha mshono wa kapi za nailoni yenye nyuzi za kioo

Assalam aleikum mafundi. Somo hili ni la wale wanaosukuma plastiki ya moto kalibuni, iwe kwa mashine ya mkono au ya umeme, na hasa wanaotengeneza kapi za mashua.

Angalieni kapi iliyopasuka. Mara nyingi ufa uko ng'ambo ya tundu, mkabala na mlango plastiki ilipoingilia. Plastiki ikifika kwenye pini ya katikati, ile inayoacha tundu, hugawanyika mikondo miwili, huizunguka pini, kisha hukutana nyuma yake. Hapo ndipo penye mshono. Kwa nailoni tupu mshono huo hauna taabu kubwa. Tatizo ni nailoni yenye nyuzi za kioo, tuseme 30%. Mikondo inapogongana, nyuzi hulala kufuata mshono badala ya kuuvuka. Ni mkeka huo: ukili wenyewe haukatiki, huachia pale ulipounganishwa na ukili wa pili. Nguvu ya hapo inaweza kushuka hadi nusu, na kuongeza kioo hakusaidii kitu, maana kinachoshika ni nailoni peke yake.

1. Kausha nailoni. Hewa yetu ya bahari ina maji, na nailoni huyafyonza. Saa 4 au zaidi kwenye joto la 80°C, kisha itumie papo hapo. Gunia lililoachwa wazi usiku kucha likaushwe upya.

2. Joto. Nailoni 6 huyeyuka kwenye 220°C, lakini ukitaka mikondo ishikane vizuri sukuma kati ya 270 na 290°C. Kalibu nayo isiwe baridi: 80°C au zaidi. Wengi hupandisha hita za mashine na kuisahau kalibu, ilhali mkondo hupoa kwa kugusa chuma.

3. Sukuma haraka, na ukijaza usiachilie. Endelea kukandamiza mpaka mlango ugande.

4. Hewa inayonaswa kati ya mikondo miwili huacha doa jeusi lililoungua. Chonga njia ya hewa pale pale kwenye mshono, kina cha milimita 0.02 hivi. Ikizidi sana, nailoni yenyewe itapita.

5. Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote. Joto na shinikizo huunganisha nailoni kwa nailoni, lakini uzi haugeuki mpaka plastiki iendelee kutembea baada ya mikondo kukutana. Chonga kisima kidogo cha kufurikia kando ya mshono, si juu yake hasa. Mkondo mmoja utausukuma mwingine kuelekea kisimani, mshono utapinda na baadhi ya nyuzi zitavuka. Kikishapoa, kisima hukatwa kwa msumeno.

Bora zaidi, usiwe na mshono kabisa. Ondoa pini, ingiza plastiki katikati ya kapi isambae pande zote kama sahani, halafu toboa tundu kwa keekee. Kwenye mtawanyiko huo nyuzi nyingi za ndani hulala kuzunguka tundu, na ndivyo kapi inavyotaka. Vaa barakoa na miwani, vumbi la kioo si la kuvuta. Ningekuwa na kalibu moja tu ya kuchonga, ningechonga hii.

Maswali ya wanachama

*Matondoni:* Maalim, nikipiga msasa ule mstari unaoonekana, kapi itapata nguvu?

Kidogo sana. Utaondoa mfereji wa juu tu, nyuzi za ndani zitabaki zimelala vile vile.

*Malindi:* Nina madumu ya plastiki na mabaki ya faibagilasi. Nikiyasaga pamoja?

Usijisumbue, kaka. Plastiki ya madumu haishikani na kioo bila dawa maalumu ya kuviunganisha, na mabaki yako yana gundi iliyokwisha kukauka, haiyeyuki tena. Tumia madumu peke yake kwa vitu visivyobeba uzito.

*Shela:* Nitapimaje bila maabara?

Dada, chukua kapi mbili, moja ya njia ya zamani na moja ya mpya, uzikate ziwe pete za unene mmoja. Pitisha pini mbili ndani ya pete, moja juu na moja chini, mshono ukae ubavuni, kisha ning'iniza uzito na uongeze polepole. Usisimame chini yake. Zote mbili zilowekwe majini kwanza kwa muda sawa, kwa kuwa nailoni iliyotoka kalibuni ni kavu: ni ngumu zaidi, lakini hupasuka kirahisi ikigongwa. Ukilinganisha kavu na mbichi utadanganyika.

*Matondoni tena:* Na kapi ya henza, kamba ya kupandishia tanga, ya jahazi kubwa?

Hiyo tumia ya mti au ya chuma, bwana. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ikianguka haichagui kichwa.