Chai ya kila siku: kuchagua majani na kuipika, ya tibegi na ya sufuria

Haya, hili swali wateja wameniuliza mpaka nimechoka kulijibu moja moja, mbona chai yako yashika na yangu nyumbani ni maji ya moto yenye rangi, na majani ni yale yale ya pakiti. Mie nauza chai na mahamri asubuhi huku Majengo, Mombasa, sufuria la lita kumi, mara mbili kabla ya saa tatu. Naandika vile mie hufanya, wewe kama una njia yako na yakunogea endelea nayo.

Hatua ya 1: majani

Usinunue kwa rangi ya pakiti. Mimina kidogo kiganjani uangalie punje. Majani ya Kenya karibu yote hupitishwa kwenye mashine ya kuponda, kurarua na kukunja, wenyewe huita CTC, ndio maana yako punje punje, hayafanani na jani. Baadaye huchekechwa yakapewa daraja: BP1 ndio punje kubwa, PF1 ndogo yake, PD ndogo zaidi, kisha D1 ambayo ni kama unga. Sasa hapa watu hukosea, wadhani ndogo ni takataka na kubwa ndio nzuri. Sivyo. Punje ndogo hutoa rangi na ukali upesi, kwa hivyo tibegi hujazwa hizo, na kwa chai ya maziwa mie napenda PF1 kuliko zote. Kitu cha kukataa ni nyuzi nyuzi za kahawia zilizochanganyika na majani, hivyo ni vikonyo, ukipika chai yakosa ladha.

Kisha nusa. Majani mazuri yanukia, yaliyolala sana hayanuki kitu. Kama washuku yametiwa rangi, tupia punje chache kwenye gilasi ya maji baridi: majani ya kweli hukaa hukaa ndio rangi ianze kutoka taratibu, yenye rangi ya kutiwa humwaga wekundu hapo hapo.

Jambo moja hunichekesha, Mombasa hatuna hata shamba moja la chai lakini mnada wake uko hapa hapa kwetu, ulianzia Nairobi 1956 ukahamishiwa huku 1969, hata majani ya Uganda, Rwanda, Burundi hushukia hapa kabla ya kupanda meli. Na wale waonjaji wa mnada hawaonji chai yenye tangawizi wala sukari, wavuta kijiko kwa mlio, yazunguka mdomoni, watema. Fanya kama wao. Ukinunua majani mapya pika kwanza mkandaa mtupu, yaani chai isiyo na maziwa, kikombe kimoja, bila kitu. Ukishatia maziwa na viungo hutojua tena kosa ni la majani au ni lako.

Hatua ya 2: kuyaweka

Hii ni fupi lakini kwa joto letu hili la pwani ni lazima. Majani hufyonza unyevu na hufyonza harufu. Kuna siku nilinunua nusu kilo ya kupima duka fulani, yamewekwa rafu moja na sabuni ya unga, sikunusa kwa haraka zangu, nikapika sufuria zima. Mzee mmoja akapiga funda moja akaniambia "mwanangu, leo umetufulia?" Nikamwaga lita kumi. Tia kwenye kopo la bati linaloziba, mbali na jiko, na usiweke iliki humo humo isipokuwa wataka kila kikombe kiwe na iliki mpaka siku ya mwisho.

Hatua ya 3: maji

Hapa ndipo wengi wa Mombasa twaharibikiwa na hatujui. Maji ya kisima yana chumvi, chai ya maji hayo hata utie majani mangapi yawa nzito, rangi ya matope, na juu yakaa utando kama mafuta. Ule utando si mafuta, ni madini ya maji yakikutana na majani. Jaribio rahisi ni sabuni, ikikataa kutoa povu ukinawa basi usiyapikie chai. Mie hutumia maji ya bomba yakija, yasipokuja nanunua mitungi ya mkokoteni lakini nayaonja kwanza, muuzaji atakwambia ni ya bomba, ulimi wako utakwambia mengine.

Hatua ya 4: tibegi

Tibegi moja yatosha kikombe kimoja, usiivute vikombe vitatu. Maji yawe yanatokota wakati huo huo, si ya themosi ya tangu alfajiri. Nimekaa hoteli moja hapa mjini naletewa kikombe, tibegi pembeni kwenye kisahani, na maji ambayo naweza kumuoshea mtoto, kisha nalipishwa bei ya samaki. Majani meusi yataka maji ya moto kabisa, yakipoa yatoa rangi tu.

Weka tibegi kikombeni, mimina maji juu yake, funika na kisahani, ngoja dakika tatu mpaka tano. Kuna watu hulichovya mara mbili tatu wanalitoa, kama mtoto anayejaribu bahari kwa kidole cha mguu, kisha walalamika majani ni mabaya. Ngoja! Maziwa yaje mwisho baada ya kulitoa, ukiyatia mapema yapoza maji. Na usilikamue kwa kijiko, yale matone ya mwisho ndio yenye uchungu. Chai ya kijani ni habari nyengine, hiyo acha maji yapoe kidogo, kama nyuzi 80 hivi, dakika mbili, ukiimwagia maji yanayotokota yawa chungu kama mwarobaini.

Hatua ya 5: sufuria, chai ya maziwa

Kwa vikombe vinne: maji vikombe viwili, maziwa vikombe viwili, majani vijiko vya chai vitatu vya kufuta, iliki punje nne, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba.

Ponda tangawizi na iliki, tia kwenye maji, chemsha dakika tano nzima. Usiruke hapa. Tangawizi mbichi ikitiwa kwenye maziwa huyakata, utaona mabonge mabonge utukane muuza maziwa bure, ikichemka sawasawa kwanza ile nguvu ya kukata hufa. Kisha tia majani yatokote dakika mbili kwenye maji matupu, manake ndani ya maziwa yachelewa kutoa. Angalia pembeni mwa sufuria, povu likiwa na rangi ya shaba ndio wakati wa kutia maziwa. Acha yapande, punguza moto, yapande tena, zima. Sukari ya kutosha ni yako na daktari wako. Chuja hapo hapo, usiyaache majani yalale humo.

Mkandaa ni tofauti: maji yakitokota zima moto kwanza, ndio utie majani vijiko viwili kwa vikombe vinne, mchaichai uliofungwa fundo, mdalasini, funika dakika nne, chuja. Ukikamua ndimu chai itapauka mbele ya macho yako, toka wekundu mpaka rangi ya asali, usishtuke ukaongeza majani, ni ule ukali wa ndimu wabadilisha rangi, nguvu yake iko pale pale.

Themosi isuuze na maji ya moto kabla ya kutia chai, na ya maziwa usiiweke kupita adhuhuri, kwa joto hili huchacha. Na kama chujio lako ni la zamani limekuwa jeusi, liloweke usiku na siki, mie juzi nimefanya hivyo wateja wakaniuliza nimebadilisha majani.