Lini Umfundishe Mrushaji Mdogo wa Softiboli Mipira ya Kupinda: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwaka jana binti wa miaka 12 ninayemfundisha jioni hapa Dar es Salaam softiboli, mchezo wa jamii ya beisiboli ambao mrushaji huuachia mpira mkono ukitokea chini, aliniletea simu ya dada yake yenye video ya mrushaji mmoja wa Marekani, akasema, "Shikamoo kocha, naomba unifundishe kevu kama hii," yaani mpira unaopinda pembeni. Nilikubali upesi kuliko inavyompasa mtu mzima, na miezi miwili iliyofuata niliitumia kuondoa makosa niliyoyapanda mwenyewe. Umri ninaoutaja katika hatua zifuatazo ni uzio tu. Kinachofungua lango ni fastiboli ya mtoto, yaani mpira wake wa kawaida wa kasi, usiopinda.

Hatua ya kwanza: pima umbali

Katika kanuni zinazotumika sana Marekani kwa wasichana, wenye miaka isiyozidi 10 hurusha kutoka mita 10.67 kwa mpira wenye mzingo wa sentimita 28 hivi. Wenye miaka isiyozidi 12 hurusha kutoka mita 12.19 kwa mpira wa sentimita 30 na ushei, na kuanzia kundi la miaka 14 umbali ni mita 13.11, sawa na wanawake watu wazima. Mimi nina kamba ya katani yenye mafundo matatu, nayo inatosha. Usianzishe mpira wa aina mpya katika msimu ambao mtoto amehamia fundo jipya.

Hatua ya pili: kagua mzunguko wa fastiboli

Hapa ndipo nilipopotea. Fastiboli nzuri ya softiboli huzunguka kuelekea mbele, kama gurudumu la baiskeli inayomjia mpigaji, kwa sababu vidole hupita nyuma ya mpira na kuuvuta juu wakati wa kuuachia. Mtoto anayegeuza kiganja pembeni kabla ya kuuachia huutoa mpira ukizunguka kama keekee inayotoboa ubao. Mpira huo unaweza kuwa na kasi na kugonga glavu ya mdakaji kwa sauti ya kuridhisha, na ndiyo sauti iliyonidanganya, kwa kuwa nilikuwa nikikagua kwa macho matupu, saa kumi na mbili jioni, kwa mpira wa njano uliokwisha kuchujuka. Juu ya mzunguko huo mbovu nikapandikiza kevu, ambayo nayo inadai mkono upite pembeni. Wiki tatu baadaye yule binti hakuwa na kevu wala fastiboli, na alikuwa akiwapa wapigaji beisi ya bure mmoja baada ya mwingine.

Dawa niliyoipata ni tepu nyeusi ya mafundi umeme. Zungushia mpira mstari mmoja unaopita katikati yake, kisha mwambie mtoto aushike mstari ukiwa wima kati ya kidole cha shahada na cha kati. Simama nyuma ya mdakaji, kamwe si ubavuni. Mstari ukibaki wima hadi unafika, mzunguko ni sahihi. Ukigeuka kama pangaboi, kiganja kinageuka. Anza kwa mita 5, lakini usitoe hukumu kwa umbali huo, kwa maana karibu kila mtoto hupatia akiwa karibu na hukosea akirudishwa kwenye fundo lake, pale anapotafuta kasi kwa kifundo cha mkono. Kagua pia mwishoni mwa zoezi, mkono ukiwa umechoka. Badilisha tepu mara kwa mara, kwa sababu joto la hapa huilegeza gundi na vidole huteleza; wala mpira huo usiingie kwenye mechi.

Silipendi zoezi la kusimama na kupigisha kifundo cha mkono mara mia, ingawa makocha wengi hulithamini. Kasi hutoka kwenye miguu na nyonga, na zoezi hilo linamwelekeza mtoto kuitafuta mahali isipokuwapo. Kipimo changu ni hiki: katika mipira 10, mstari ubaki wima mara 8 na glavu ifikiwe mara 7, upande wa ndani na wa nje wa homu-pleti, kile kibao kilicho mbele ya mdakaji, kwa wiki tatu mfululizo.

Hatua ya tatu: chenjapu, kuanzia miaka 10 au 11

Chenjapu ni mpira wa polepole unaojifanya fastiboli. Mpira ukae ndani ya kiganja na mkono uzunguke kwa kasi ileile ya fastiboli. Mtoto akipunguza mwendo wa mkono, mpigaji ameshajua.

Hatua ya nne: dropu, miaka 12 au 13

Dropu ni mpira unaodondoka ukimkaribia mpigaji. Fundisha dropu ya kuvuta, si ya kupindua mkono. Mzunguko wake ni uleule wa fastiboli, ila hatua ya mguu ni fupi kidogo na uzito uko mbele zaidi, ndiyo maana aliyefaulu mtihani wa tepu huipata kwa siku chache.

Hatua ya tano: kevu, skrubu au raizi, kuanzia miaka 14

Chagua moja. Mimi huanza na kevu. Skrubu, inayopinda kinyume cha kevu, ninaiacha hadi mwisho kwa sababu inakilazimisha kiwiko kufanya kazi isiyo ya kawaida. Raizi, mpira unaoonekana kupanda, ndiyo wanayoitamani wote, lakini inahitaji mzunguko wa kurudi nyuma, na raizi nyingi za watoto ni keekee zilezile zinazokwenda moja kwa moja kwenye gongo. Hata raizi halisi haishindi mvutano wa ardhi. Hushuka pungufu ya jicho la mpigaji linavyotarajia.

Hatua ya sita: hesabu mipira

Wasichana wangu wanaijua habari ya Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha mipira 413 kwa siku mbili katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na kutwaa dhahabu. Ninawakumbusha kwamba alikuwa na miaka 26. Mtoto akianza kujishika mbele ya bega, pale msuli wa mkono unapoanzia, mpira unarudi mfukoni siku hiyo, hata kama imebaki ininga moja, yaani kipindi kimoja cha mechi, na hakuna mrushaji mwingine.