Kazi zinazojirudia na mazoea ya kila siku: hesabu inaanzia wapi?

Kabla hujaandika kazi yoyote inayojirudia, jiulize kwanza hesabu yake inaanzia wapi. Kuna kazi zinazofuata kalenda. Kodi ya pango ikiwa ni tarehe 1, inabaki tarehe 1 hata kama mwezi uliopita ulilipa tarehe 9. Na kuna zinazohesabiwa tangu mara ya mwisho zilipofanyika: kufua chandarua, kusafisha simtanki, kuwapa mbuzi dawa ya minyoo. Orodha nyingi za nyumbani na dukani hufa mapema kwa sababu aina hizi mbili zimewekwa kapu moja.

Chukua chandarua chenye dawa. Vyandarua vya dawa ya muda mrefu hutengenezwa vistahimili kufuliwa mara 20 hivi kabla dawa haijapungua nguvu, kwa hiyo kukifua kila baada ya miezi 3 kunatosha, na kukifua mapema ni kuipoteza dawa bure. Umekifua tarehe 5 Machi, ukaweka kengele ya simu ijirudie kila miezi 3. Tarehe 5 Juni imefika, mvua inanyesha, ukakifua tarehe 25. Simu haijui hilo. Itakuamsha tena tarehe 5 Septemba, wiki 10 tu baadaye. Kazi kama hii haitaki kengele ya kujirudia. Inataka tarehe moja tu mbele yake, na siku ukiimaliza ndipo unapoandika nyingine.

Kosa la upande wa pili linauma zaidi kwa sababu lina fedha ndani. Ukihesabu kodi ya pango tangu siku uliyolipa, ukilipa tarehe 5 utajipangia tarehe 5, ukichelewa hadi tarehe 9 utajipangia tarehe 9, na mwenye nyumba bado anahesabu kutoka tarehe 1. Hali ni hiyo hiyo kwa ada ya shule, bima ya pikipiki na kodi za serikali. Tanzania, PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) hulipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20. Kenya ni tarehe 9 na tarehe 20. Hizi ni kazi za kalenda, nazo ndizo zinazostahili kengele ya kujirudia. Ila usiiweke kengele siku ya mwisho. Weka siku ambayo ukianza bado una muda wa kutafuta risiti, mathalani tarehe 1 kwa PAYE na tarehe 12 kwa VAT.

Aina ya tatu husahaulika: kazi za kipimo. Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, hauna tarehe, una uniti. Oili ya pikipiki ina kilomita. Kazi hizi ukizilazimisha kwenye kalenda utanunua mapema mwezi wa safari na kuchelewa mwezi wa wageni. Ziwekee mstari: uniti zikifika 10, nunua. Kwa oili, ukiwa bado gereji soma mita ya kilomita, jumlisha umbali ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au aliokuambia fundi, na andika jibu kwenye kipande cha plasta ukibandike karibu na mita. Mita ikisoma 12,400 na umbali ni 2,000, plasta isomeke 14,400. Usiandike tarehe, maana haitakusaidia. Kwa mtungi wa gesi, andika kwa maka pini tarehe uliyoufunga. Baada ya mitungi mitatu utajua nyumba yako inamaliza kilo 6 kwa siku ngapi, na hapo unaweza kuweka fedha kando kabla moto haujazimika katikati ya maharage.

Kwa Waislamu kuna moja ya kuangalia kwa makini. Zaka ya mali hupigwa baada ya mwaka wa Hijria kutimia, na mwaka huo una siku 354 au 355. Ukiiweka kwenye kalenda ya simu ijirudie kila mwaka, utakuwa unachelewa kwa siku 11 hivi kila mwaka, na ucheleweshaji huo unajumlishika. Iandike kwa tarehe ya Hijria, kisha kila mwaka tafuta siku inayolingana nayo.

Daftari

Daftari kubwa lenye jalada gumu, lile la kaunta buku, linatosha kwa mwaka mzima na ziada. Kwenye kurasa za mbele piga safu sita kwa rula: kazi, aina (kalenda, kurudi yaani inayohesabiwa tangu mara ya mwisho, au kipimo), kila baada ya muda gani, mara ya mwisho, tarehe ya kurudi, na nani. Kila kazi ipe mistari minne au mitano, siyo mmoja. Tarehe mpya inaandikwa chini ya ile ya zamani, kwa wino, bila kufuta. Mtu anayefuta anapoteza kitu cha thamani sana: historia. Ukiona umeandika "kila siku 30" lakini tarehe halisi zinaachana kwa siku 44, 47 na 45, basi ama muda uliojiwekea si wa kweli, ama kazi hiyo inahitaji mtu mwingine.

Nyuma ya daftari tenga kurasa 12, kila mwezi ukurasa wake, siku zote ziandikwe pembeni kwa kushuka. Kila unapoandika tarehe ya kurudi mbele, nenda ukurasa wa mwezi huo na uandike jina la kazi kwenye siku yake. Bila hatua hii itakubidi upitie orodha nzima kila asubuhi, na hakuna anayedumu na hilo.

Wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto wamelifanya jambo hili kwa usahihi miaka yote. Mtoto akishachanjwa, tarehe ya kurudi inaandikwa kwenye kadi kabla mama hajaondoka. Fanya vivyo hivyo. Kuku wakishapewa chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja kwenye jicho moja kwa kila kuku, usiende kuosha mikono ukasema utaandika baadaye. Hesabu miezi 3, andika, halafu ndiyo unawe. Kazi haijaisha mpaka tarehe inayofuata imeandikwa. Na kwa kuku ongeza mstari mmoja zaidi: vifaranga watakaoanguliwa baada ya siku ya chanjo watakuwa hawajapata chanjo hiyo, kwa hiyo andika idadi ya kuku waliochanjwa pembeni ya tarehe. Wakifika 31 bandani na daftari linasema 22, unajua kuna 9 waliobaki nje ya hesabu.

Ukianza, usiandike kila kitu. Kaa na risiti, kadi za kliniki, stika ya bima na meseji za malipo, kisha andika zile tu ambazo ukizisahau unalipa faini, unapoteza mali au mtu anaumia. Kupiga deki hakuhitaji daftari, maana uchafu wenyewe unakukumbusha.

Kwenye simu au kompyuta

Anayependa jedwali la Google Sheets au Excel anahitaji safu tano. A ni kazi, B ni idadi ya siku, C ni mara ya mwisho. Kwenye D2 andika `=C2+B2`, na kwenye E2 andika `=D2-TODAY()`, kisha vuta fomula kushuka chini. E inakuambia siku zilizobaki. Namba hasi ni kiporo, yaani kazi iliyopitisha siku yake. Panga jedwali kwa E kutoka ndogo kwenda kubwa, na ya juu kabisa ndiyo ya kushika leo. Kazi inayohesabiwa kwa miezi badala ya siku, tumia `=EDATE(C2,3)` mahali pa D. Tofauti ipo: siku 90 kutoka tarehe 5 Machi ni tarehe 3 Juni, lakini miezi 3 ni tarehe 5 Juni.

Matatizo mawili hujitokeza karibu kila mara. La kwanza, D inaonyesha 45721 badala ya tarehe. Hakuna kilichoharibika, programu inatunza tarehe kama hesabu ya siku, na namba hiyo ni tarehe 5 Machi 2025. Badilisha muundo wa seli uwe wa tarehe. La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani: jedwali lililowekwa kwa mtindo wa Marekani linasoma 5/3 kuwa tarehe 3 Mei. Ulidhani umeandika Machi, na kazi yako imesogea miezi miwili mbele kimyakimya. Kwa Google Sheets ingia kwenye mipangilio ya faili, kwa Excel ingia kwenye mipangilio ya kompyuta, chagua nchi yako, kisha jaribu kwa kuandika 25/3/2025. Ikikaa upande wa kulia wa seli, imetambuliwa kuwa tarehe. Ikibaki kushoto, ni maandishi tu, na fomula haitafanya kazi.

Kwenye kalenda ya simu, epuka tarehe 29, 30 na 31 kwa kazi za kila mwezi. Programu nyingi huiruka miezi isiyo na siku hiyo bila kukuambia. Weka tarehe 28, au chagua siku ya mwisho ya mwezi kama programu yako inalo chaguo hilo. Na anayepanga kwa saa za Kiswahili ahakikishe: dawa ya saa moja usiku kwenye simu ni 19:00. Ukiandika 1:00, simu italia saa saba usiku.

Mazoea ya kila siku

Haya yana ukurasa wake, kwa sababu hayana tarehe ya kurudi. Kila siku ni siku yake. Daftari la hesabu la miraba linafaa. Safu 31 kwenda kulia, mazoea kwenda chini, na yasizidi matano. Kila zoea liandikwe likiwa na kiasi na mahali pa kulifunga: "kurasa 2 za kitabu baada ya kuosha vyombo vya usiku", "shilingi 2,000 kwenye kibubu nikishafunga hesabu ya duka". "Kusoma zaidi" haliwezi kuwekewa alama, kwa kuwa hakuna anayejua lini limetimia.

Tumia alama tatu. X ni limefanyika. Mstari mfupi ni halikufanyika. O ni halikuhusika, kama siku ya safari au homa. Mraba usibaki mtupu. Wiki tatu zikipita, mraba mtupu haukuambii kama ulisahau kufanya au ulisahau kuandika, na hapo ukurasa wote unapoteza maana.

Kwa dawa za kila siku, kama za presha au kisukari, alama inawekwa baada ya kumeza, kamwe siyo kabla. Ukiweka kabla, simu ikilia katikati, utaikuta X na kidonge bado kipo mezani. Ukikuta mraba mtupu na hukumbuki, usimeze kingine kwa kubahatisha: hesabu vidonge vilivyobaki, na bado ukiwa na shaka muulize mfamasia. Andika idadi ya vidonge siku unayofungua pakiti mpya, ndipo hesabu hiyo itawezekana.

Zoea la mara tatu kwa wiki usilipe miraba saba. Lipe mitatu kwa wiki, ijazwe siku yoyote. Anayekimbia Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi ametimiza, lakini kwenye miraba saba ukurasa utamwonyesha mapengo manne, naye ataacha kwa kudhani ameshindwa.

Watu wengi hujipa siku 21, wakifika hapo wanaona zoea bado zito na wanakata tamaa. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliowafuatilia watu 96 kwa wiki 12, ulipata kwamba, kati ya wale ambao makadirio yao yaliwezekana, nusu wangehitaji zaidi ya siku 66 ili zoea lije lenyewe, na makadirio yalikuwa kati ya siku 18 na 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Basi tenga kurasa za miezi 3 kwa kila zoea. Likishakuwa linakuja bila kukumbushwa, litoe kwenye ukurasa na nafasi yake uipe lingine.

Mwezi wa Ramadhani, yaangalie mazoea yote uliyoyafunga kwenye chai ya asubuhi au chakula cha mchana. Kamba yake imekatika kwa siku 29 au 30. Yahamishie kwenye daku au baada ya futari tangu usiku wa kwanza, na mgonjwa wa dawa za mara tatu aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Mapitio ya wiki

Chagua jioni moja, dakika 10. Fungua ukurasa wa mwezi, ona viporo, ona siku 7 zijazo, soma mita ya pikipiki na uniti za umeme. Kila kiporo kipewe siku mpya papo hapo, au kifutwe kwa mstari mmoja. Kazi iliyoahirishwa mara tatu mfululizo usiisogeze mara ya nne bila kubadilisha kitu: muda, ukubwa wake, au mtu wake.

Safu ya "nani" iwe na jina moja. Ukiandika "baba na Asha", kila mmoja atadhani mwenzake amekwenda kulipa hela ya taka. Kama mnapokezana, andika jina la zamu hii, na lifuatalo liandikwe pamoja na tarehe ya kurudi.

Mwezi Januari kazi za miezi 3 na 6 huwa zimerundikana wiki moja, kwa kuwa wengi huanzisha daftari wakati huo. Zitawanye mara moja tu: fanya moja wiki mbili kabla ya wakati wake, nyingine mwezi mmoja kabla, na kuanzia hapo zitaachana zenyewe. Chandarua usikiguse katika kutawanya huko. Chenyewe kingoje miezi yake 3 itimie.