Pampu ya dizeli inayovuja: kinachochoka ni raba, si chuma

Pikapu yangu imepita miaka 30 na pampu iliyo kwenye injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Nimeifungua mara 4, na mara zote 4 kilichokuwa kimechoka ni raba. Chuma cha ndani bado kinang'aa. Nalisema hili mapema kwa sababu mara nyingi napokea gari ambalo mwenyewe ameshaambiwa "pampu imekufa, tafuta nyingine", nami nikiifuta vizuri nakuta oringi (pete ya raba) moja nyembamba imekauka kama ganda la karanga. Inaniuma kuona kifaa kizuri namna hiyo kinatupwa.

Ninayoizungumzia ni pampu ya mzunguko ya aina ya VE, ile fupi yenye mapaipu ya nozeli (zinazopulizia dizeli ndani ya silinda) yanayotokea nyuma, yakiwa yamepangwa kuzunguka kichwa cha pampu. Bosch waliibuni katika miaka ya 1970, kisha viwanda vya Japani vikaitengeneza kwa leseni, ndiyo maana utaikuta kwenye Toyota za injini ya 2L na 3L, Land Rover za 200Tdi na 300Tdi, na Volkswagen nyingi za zamani. Kama yako ni ile ndefu, ambayo kila silinda ina pistoni yake ndani ya pampu, utafutaji wa panapovuja ni huuhuu ila ufunguaji ni mwingine. Usifuate maelezo yangu ya kufungua.

Pampu hii haina oili. Imejaa dizeli ndani, na dizeli hiyohiyo ndiyo inayoilainisha. Injini ikiunguruma, ndani ya ganda huwa na presha ya baa chache, kwa hiyo raba iliyochoka hutema mafuta nje. Injini ikizimwa mambo yanageuka: dizeli inataka kurudi kwenye tangi lililo chini, na palepale palipokuwa panatoa mafuta panaanza kuvuta hewa. Ndiyo maana gari linaloloanisha pampu mchana ndilo hilohilo linalosumbua kuwaka asubuhi. Dereva analaumu betri, anabadilisha plagi za joto, na hewa bado imo kwenye mafuta.

Raba zenyewe huchoka kwa umri na joto, lakini pia kwa kubadilika kwa mafuta. Marekani ilipopunguza salfa kwenye dizeli ya magari mwaka 1993, pampu nyingi zilizokuwa kavu zilianza kuvuja, kwa sababu raba za zamani zilizozoea mafuta ya mwanzo zilinywea zilipokutana na mafuta mapya. Kwa hiyo unaponunua seti ya raba, tafuta zile za Viton. Zinastahimili joto na dizeli ya kila aina kuliko zile nyeusi za kawaida.

Kwanza, pajue panapovuja

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwenye kufungua kwenyewe. Mzee aliyenifundisha kazi hakuniruhusu kushika spana kabla sijamwonyesha kwa kidole tone linapozaliwa. Si linapodondokea, linapozaliwa. Dizeli hutambaa juu ya chuma, hufuata mshono wa ganda, hupita chini ya waya, kisha hudondoka mbali na ilikotoka.

Subiri injini ipoe kabisa. Usimwagie pampu ya moto maji baridi, kwa sababu pistoni iliyo ndani ya kichwa imeachiwa nafasi ya maikroni chache tu, na ganda likinywea ghafla inaweza kunata. Sugua kwa brashi na dizeli safi au mafuta ya taa, puliza kwa upepo mpaka kila kona ikauke, kisha nyunyiza poda ya mtoto juu ya pampu nzima mpaka iwe nyeupe. Washa injini iungurume taratibu, shika tochi, tazama. Poda itaanza kuwa nyeusi mahali pamoja kabla ya pengine pote. Hapo ndipo.

Usipitishe kidole wala kiganja kwenye mapaipu ya nozeli injini ikiwa inafanya kazi. Mkondo mwembamba wa dizeli yenye presha hiyo hutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama, na tundu lake huonekana dogo kama mchomo wa sindano. Likimpata mtu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama hasikii maumivu. Kwa mapaipu tumia kipande cha kadibodi.

Anza na vitu rahisi. Vimpira vyembamba vinavyorudisha mafuta kutoka nozeli moja hadi nyingine hupasuka ncha zake na kuilowesha pampu yote. Hivyo hubadilishwa kwa mkono mtupu. Kisha zile washa (pete bapa) za shaba kwenye boliti za paipu la kuingilia na la kurudishia. Kama huna mpya, pasha ya zamani moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, isugue ing'ae. Shaba iliyopashwa hulainika tena na kuziba. Nimeshapokea pampu ya "kufanyiwa ovahole" iliyoondoka kwangu na washa mbili tu.

Ukishika boliti hizo mbili, zitenganishe. Ya kurudishia huwa imegongwa neno OUT na ina tundu dogo sana ndani. Tundu hilo ndilo linaloshikilia presha ya pampu. Ukiiweka upande wa kuingilia, injini itakufa njaa ya mafuta, nawe utahangaika siku nzima.

Kama vyote hivyo ni vikavu, basi ni moja ya sehemu nne: shafti ya mkono wa mafuta juu (mkono unaovutwa na pedali ya mafuta), mshono wa kifuniko cha juu, mshono kati ya ganda na kichwa, au sili ya mbele (raba inayoziba shafti) nyuma ya puli.

Shafti ya mkono na kifuniko cha juu

Hizi hufanyika bila kuitoa pampu kwenye injini. Ondoa waya wa betri. Shika mkono wa mafuta, utikise ubavuni. Ukicheza sana, tundu la kifuniko limelika na oringi mpya itakaa muda mfupi tu. Hapo unahitaji kifuniko kingine au kuwekewa bushi. Usipocheza, endelea.

Chukua sindano ya chuma, ukwaruze mstari unaopita juu ya mkono na ncha ya shafti kwa pamoja. Shafti ina meno madogo madogo, na ukikosea jino moja injini itanguruma kwa kasi isiyo yake, au itakosa nguvu. Piga picha pia, lakini mstari ndio wa kuaminika. Sasa toa nati, toa mkono na springi yake, kisha legeza skrubu 4 za kifuniko. Usiguse skrubu ndefu ya nyuma ya kifuniko yenye nati ya kufungia. Hiyo ndiyo inayopima mafuta mengi kabisa ambayo injini itapewa, na imepangwa kwenye mashine ya kupimia pampu.

Kabla ya kuinua, nyonya dizeli kidogo kwa bomba la sindano kupitia tundu la boliti ya OUT, ili isimwagike juu ya mkanda wa taimingi, ule unaoizungusha pampu sambamba na injini. Inua kifuniko polepole huku ukiisukuma shafti kwa dole gumba ishuke chini. Shafti ibaki ndani, ikiwa imeshikana na springi ya gavana (kidhibiti kasi cha injini), na kifuniko kitoke peke yake. Ukikivuta kwa nguvu pamoja na shafti utanyoosha springi hiyo. Angalia pia washa nyembamba iliyo kwenye shafti; hupenda kunata chini ya kifuniko na kudondoka baadaye.

Badilisha oringi ya shafti na gasketi ya kifuniko kwa pamoja, hata kama iliyovuja ni moja. Zipake dizeli safi. Usipake silikoni. Najua inashawishi, lakini kipande kinachomeguka ndani husafiri mpaka kwenye lile tundu dogo la OUT na kulikaba.

Mshono wa kichwa

Poda ikilowa pale ambapo kichwa cha mapaipu kinakutana na ganda, oringi kubwa ndiyo iliyochoka. Ni kazi ya nusu saa kwa aliyetulia, na ni kazi ya kuharibu pampu kwa mwenye haraka.

Toa mapaipu yote ya nozeli, ziba ncha zake kwa plastiki safi, toa waya wa solenoidi ya kuzimia (kifaa cha umeme kinachokata mafuta). Safisha tena mpaka usione hata chembe ya mchanga. Kichwa kimefungwa kwa boliti 4. Toa mbili zinazotazamana, weka badala yake mbili ndefu zaidi za uzi uleule. Hizo ndizo walinzi wako. Legeza zote kwa zamu, robo mzunguko kila moja. Springi za ndani zitakisukuma kichwa kitoke chenyewe.

Simama kikifika milimita 5. Si 10, si "kidogo zaidi nione vizuri". Springi hizo, zikiwa bado zimebanwa, ndizo zinazoishikilia pistoni pamoja na washa zake za kipimo. Zikilegea, pistoni inahama na washa inaanguka. Mara ya kwanza kuifanya kazi hii peke yangu nilivuta zaidi, nikasikia mlio mdogo ndani ya ganda. Niliitoa pampu yote siku hiyo na kuipeleka kwa fundi wa pampu mwenye mashine, na mwenye gari akakaa siku 3 bila gari. Mlio ule bado naukumbuka kila ninapoilegeza boliti ya kwanza.

Kwenye ufa wa milimita 5 mfereji wa oringi utaonekana. Ikate ya zamani kwa ndoano nyembamba, uitoe yote, uhesabu vipande ukiviunganisha mezani. Futa mfereji. Tanua mpya kwa vidole, ipitishe juu ya kichwa kutokea nyuma mpaka iingie mahali pake, hakikisha haikujisokota. Ipake dizeli, kisha kaza boliti kwa zamu kama ulivyolegeza, ukitazama ufa ufunge sawasawa pande zote. Oringi ikijitokeza upande mmoja, rudi nyuma, ukiilazimisha itakatika.

Sili ya mbele

Hii ndiyo isiyosubiri. Dizeli inayotoka hapa hulowesha mkanda wa taimingi, raba ya mkanda hufura na kulainika, na mkanda ukikatika pistoni za injini hukutana na valvu. Ukiona unyevu nyuma ya puli, usiendeshe kwa "wiki moja tu". Mkanda uliokwisha kulowa nao ubadilishwe, haukaushwi.

Hapa pampu lazima itoke. Weka injini kwenye alama zake za taimingi, na kabla ya kulegeza boliti za pampu kwaruza mstari mwembamba unaounganisha ubao wa pampu na injini. Puli hukaa kwenye shafti ya mteremko yenye kabari ndogo. Itoe kwa pula (kifaa cha kung'olea puli), kamwe si kwa nyundo. Kisha shika shafti, isukume juu na chini. Ikicheza, bushi ya ndani imelika na sili mpya itavuja tena baada ya muda mfupi. Pampu hiyo mpelekee mwenye mashine, nami nakwambia hivyo bila kusitasita. Isipocheza, ng'oa sili ya zamani bila kukwaruza shafti, ingiza mpya ikiwa imenyooka, mdomo umepakwa dizeli. Rudisha pampu kwenye mstari wako uleule. Kama una saa ya kupimia (dial gauge), hakiki taimingi kupitia tundu lililo katikati ya kichwa kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Mstari unatosha kukufikisha. Saa ndiyo inayotoa hukumu.

Kutoa hewa na kuwasha

Usipige stata kwa pampu kavu. Jaza dizeli safi kupitia tundu la OUT mpaka ijae, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo kwenye filta hadi kitufe chake kiwe kigumu. Kaza nati za mapaipu upande wa pampu, kiasi cha Nm 25, na zile za kwenye nozeli ziache zimelegea. Piga stata kwa sekunde chache, pumzika, piga tena. Mapovu yakiisha na dizeli ikatoka safi, zikaze. Injini itakohoa, itatikisika, kisha itakaa sawa.

Iache iungurume dakika 10, irudie poda, zima. Tandaza kadibodi kavu chini ya pampu, uondoke. Asubuhi tazama kadibodi kabla ya kugusa ufunguo, halafu washa ukihesabu sekunde za stata. Kadibodi ikiwa kavu na injini ikashika mara moja, funga kava la mkanda.