Kula sushi kando ya Ziwa Kivu: uliza habari za friza kabla ya kuuliza bei

Mtu aliyekulia Goma ana mazoea mazuri kuhusu samaki: humtaka wa leo. Akifika soko la Kituku asubuhi humtazama jicho, humbonyeza tumbo, humfunua matamvua aone kama bado ni mekundu, kisha ndipo aanze kubishana bei. Mazoea hayo yanafaa kabisa kwa samaki wa kukaanga, lakini kwenye meza ya sushi, chakula cha Kijapani cha wali ambacho mara nyingi huwekewa samaki mbichi, yanaweza kumpoteza, kwa sababu samaki anayefaa kuliwa mbichi si yule aliyevuliwa alfajiri mbele ya hoteli, bali yule aliyetoka mbali akiwa amegandishwa barabara, pengine majuma kadhaa kabla ya kukufikia.

Sababu ni minyoo. Samaki wa maji baridi, tilapia akiwa mmoja wao, anaweza kubeba mabuu ya minyoo ndani ya nyama yake, na jicho linalong'aa halisemi lolote kuhusu mabuu hayo. Samaki wa baharini naye ana minyoo yake, ndiyo maana mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaelekeza kwamba samaki wengi wanaokusudiwa kuliwa wabichi wagandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, au baridi zaidi, kwa siku 7. Hata Wajapani, ambao chakula hiki ni chao, hawakuwa na desturi ya kula samoni mbichi mpaka Wanorwei walipoanza kuwauzia samoni wa kufugwa miaka ya 1980. Friza ya kawaida ya nyumbani hulenga kama nyuzi 18 chini ya sifuri, tena hapo umeme haujakatika.

Kwa hiyo, ukishakaa kwenye baraza ya mkahawa wa ufukweni, iwe Himbi hapa Goma au ng'ambo ya mpaka kule Gisenyi, Rwanda, usianze na orodha ya bei. Mwite mhudumu kwa upole umuulize: "Ndugu, samaki wenu wa kuliwa mbichi ni wa aina gani, na alifika akiwa amegandishwa?" Kisha ongeza swali la pili ambalo kwa mji wetu ndilo zito zaidi: umeme ukikatika, friza inategemea nini? Mhudumu anayekwenda kumwita mpishi amekupa jibu zuri tayari. Yule anayekuhakikishia kwa fahari kwamba samaki ametoka ziwani leo hii, mshukuru, halafu agiza sushi ya tango.

Kugandisha huua minyoo lakini hakuui bakteria, na jodari aliyeachwa kwenye joto hujenga ndani yake histamini, kemikali ya kudhuru ambayo haiondolewi kwa kumgandisha tena wala kwa kumpika. Aliyemla huweza kuwashwa ngozi, kuiva uso na kuumwa kichwa muda mfupi baadaye. Wekundu wa nyama peke yake usikutulize, kwa kuwa baadhi ya wauzaji humpitishia jodari gesi ya kaboni monoksaidi ili rangi isififie. Niliwahi kuletewa, katika mkahawa mmoja ambao siutaji, vipande vilivyokauka kingoni na kugeuka kahawia. Nikaambiwa kwamba ni mwanga wa taa tu. Nilivirudisha, nikalipia vya mboga, nikaenda zangu. Ukihisi ulimi unachomachoma kama umelamba pilipili ambayo haimo, tema bila aibu.

Wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa wenye kinga dhaifu wasiguse samaki mbichi, hata mkahawa uwe wa sifa gani. Hilo haliwanyimi sushi, maana neno lenyewe halimaanishi samaki mbichi: sushi ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, pamoja na chochote kinachowekwa juu au ndani yake. Vipande vya samaki mbichi visivyo na wali huitwa sashimi. Nigiri ni tonge dogo la wali lililofunikwa kipande cha samaki au yai, na kwa kawaida huja mawili mawili. Maki ni wali uliovingirishwa ndani ya karatasi ya mwani na kukatwa vipande, mara nyingi 6 au 8. Mkunga, ambaye Wajapani humwita unagi, daima huwa amepikwa, na kamba wa nigiri kwa kawaida amechemshwa.

Kwa anayejaribu mara ya kwanza, ningeshauri meza ya watu wawili iagize maki moja ya parachichi na tango, moja ya kamba aliyepikwa, na iwapo majibu ya mpishi yameridhisha, nigiri mbili za samaki mbichi. Msiagize vyote kwa mkupuo, kwani sahani inayosubiri juani huharibika huku mkipiga soga. Kama jikoni wanakubali maombi, waombe wakukaangie sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wakavu, waliopakwa unga mwepesi, wawavingirishe kwenye maki pamoja na parachichi. Sambaza walitolewa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo nao ni wageni waliozoea, na kwa maoni yangu hakuna samoni wa kusafirishwa anayewashinda wakiwa bado wanalialia mdomoni.

Wali ndio unaomfichua mpishi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100, na mpishi aliyejifunza kazi pwani akipika kwa muda uleule aliouzoea hutoa punje zenye kiini kigumu. Wali mzuri wa sushi una uvuguvugu wa mwili, punje zinashikana lakini kila moja inaonekana, na tonge halimomonyoki likiinuliwa. Wali ukiwa baridi na mgumu, ujue ulilala kwenye friji.

Sasa kula. Ukiletewa kitambaa chenye unyevu, ni cha kupangusia mikono, si uso. Vijiti si lazima: nigiri huliwa kwa mkono hata Japani, jambo ambalo mla bugali atalipokea kwa furaha. Tofauti iko kwenye kuchovya. Tonge la bugali tunalichovya lenyewe kwenye mchuzi; nigiri hugeuzwa. Ishike ubavuni kwa kidole gumba na vidole viwili, ilaze, uipindue mpaka samaki atazame chini, uguse mchuzi wa soya kwa ncha ya samaki tu, kisha uitie yote mdomoni mara moja. Ukichovya upande wa wali, wali huo utanyonya chumvi nyingi na kusambaratika kwenye kibakuli. Mchuzi huo ni wa chumvi kali, kwa hiyo wenye shinikizo la damu wamimine kidogo sana.

Lile donge la kijani ni wasabi, kiungo kikali cha Kijapani cha mzizi, ingawa mara nyingi ni mzizi mwingine mkali uliochanganywa na haradali na rangi. Ukali wake hupanda puani badala ya kukaa ulimini kama wa pilipili yetu. Anza na kiasi cha punje ya mchele. Tangawizi iliyolowekwa kwenye siki ni ya kusafisha ulimi kati ya samaki mmoja na mwingine, si kachumbari ya kurundika juu. Ukitumia vijiti, usivisimike wima kwenye wali wala usimpokeze mwenzako chakula kijiti kwa kijiti, kwa kuwa Wajapani hufanya hivyo kwenye mambo ya msiba. Mwislamu aulize pia kama wali au michuzi imetiwa mirini, ambayo ni kiungo chenye kileo.

Bili ikija, hakikisha noti zako za dola hazina hata mchaniko mdogo, la sivyo itakulazimu kutafuta faranga za kulipia. Vipande vya samaki mbichi vilivyobaki viache hapo mezani, hata kama umevilipia. Maki za mboga zinaweza kufungwa, mradi ziliwe usiku huohuo.