Namna ya Kuvutia na Kutambua Vipepeo na Chozi katika Bustani ya Nyumbani

Mtu anayetaka vipepeo bustanini kwa kawaida huanza kwa kupanda maua, kisha hushangaa kuona kwamba vipepeo wanapita tu na kwenda zao. Ua humpa kipepeo mpevu chakula cha muda mfupi, ilhali jike mwenye mayai hutafuta jani, tena si jani lolote, bali la mmea ambao viwavi wake wanaweza kuula. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya bustani ya vipepeo ni kuwalisha viwavi, na anayeianza kazi hiyo hana budi kukubali mapema kwamba baadhi ya majani yake yatatobolewa na mengine yataliwa hadi kwenye kikonyo.

Mwongozo huu unahusu bustani za Afrika Mashariki, na kwa upande wa ndege unawahusu chozi, ndege wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda. Wale ndege wengine wadogo sana wanaoelea mbele ya ua huku mabawa yakivuma (kwa Kiingereza hummingbird), ambao wengi wetu tumewaona katika filamu za wanyama, wako aina zaidi ya 300 na wote ni wa mabara ya Amerika. Hakuna hata mmoja aishiye porini Afrika. Anayesema amemwona mmoja wao jioni kwenye maua yake, yaelekea amemwona nondo wa jamii ya Sphingidae, mwenye mwili mnene na mrija mrefu wa kunyonyea, ambaye naye huelea hewani bila kutua. Chozi hunywa mbochi, yaani maji matamu ya maua, kama ndege hao, ila yeye hupendelea kutua kwanza ndipo anywe, na tofauti hiyo ina uzito wakati wa kuchagua mimea.

Mimea ya viwavi

Anza na mti ambao huenda tayari unao. Mlimau, mndimu na mchungwa hulisha viwavi wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano iliyopauka. Jike hutaga yai moja moja kwenye majani machanga. Kiwavi mchanga ana rangi ya kahawia iliyochanganyika na nyeupe, na hufanana mno na kinyesi cha ndege, jambo linalomwepusha kuliwa. Akikua hugeuka kijani chenye mabaka ya kahawia, na ukimgusa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini, nyekundu au za rangi ya machungwa, zinazotoa harufu kali. Wakulima humlalamikia, na kwenye kitalu wana haki, kwa sababu viwavi wachache wanaweza kuuacha mche mdogo bila majani. Mti uliokomaa hauathiriki sana. Ukiwakuta kwenye mche, wahamishe kwa mkono hadi kwenye mti mkubwa wa jamii hiyo hiyo. Hakuna haja ya dawa.

Mimea ya Gomphocarpus na Calotropis, ambayo hutoa utomvu mweupe na mbegu zenye nyuzi laini zinazopeperuka, hulisha viwavi wa Danaus chrysippus. Kwa bustani ndogo Gomphocarpus inafaa zaidi, kwa kuwa Calotropis hukua ikawa kichaka kikubwa. Utomvu wa mimea hii una sumu na unaweza kuyadhuru macho vibaya, hivyo vaa glavu unapoikata, nawa mikono baadaye, na usiipande mahali watoto wadogo wanapochezea. Sumu hiyo hiyo ndiyo kinga ya kiwavi: anaikusanya mwilini, na ndege aliyewahi kumwonja hujifunza kumwacha. Ndiyo maana kiwavi huyu hajifichi kabisa. Ana mistari myeusi, myeupe na ya njano, pamoja na jozi tatu za vinyweleo vinene vyeusi mgongoni, na utamwona ukiwa umesimama hatua kadhaa.

Vichaka vya Senna, ambavyo kimojawapo huitwa mkundekunde, hutagiwa mayai na Catopsilia florella. Tikini, ule mmea mdogo unaotambaa kwenye vivuli na kando za njia, hulisha viwavi wa Junonia, na inafaa kuuachia kona badala ya kuung'oa wote. Kunde zikichanua huja vipepeo wadogo wa buluu, Lampides boeticus, ambao viwavi wao hula maua na maganda machanga. Ukarimu huu una mipaka yake, hata hivyo. Viwavi wa Acraea acerata hushambulia matembele, na pale ambapo viazi vitamu ni chakula cha familia sioni sababu ya kuwavumilia. Kusanya majani yenye viwavi vichanga vilivyo pamoja kabla hawajatawanyika, uyaondoe shambani.

Kwamba mmea wa kiwavi ndio msingi wa yote linathibitishwa na wanaofuga vipepeo kwa riziki. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 huko Gede kwenye pwani ya Kenya, huwawezesha wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kulea viwavi na kuuza mabundo, yaani pupa, kwa maonyesho ya vipepeo ya nchi za nje. Mfugaji asiye na mimea sahihi karibu na nyumba yake hawezi kulea hata kundi moja, hata awe na maua mazuri kiasi gani.

Maua, jua na maji

Maua ya wapevu hayasumbui kuchagua. Pentas, mmea wa asili wa ukanda wetu wenye vishada vya maua madogo yenye umbo la nyota, ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa kuwa huchanua kwa muda mrefu na hauhitaji uangalizi mwingi. Zinia na mrehani ulioachwa utoe maua hufaa pia. Hata kishona nguo, adui wa kila mwenye suruali, hutembelewa sana na vipepeo, hasa wadogo. Panda aina moja kwa wingi mahali pamoja badala ya mche mmoja mmoja huku na huku, kwa sababu kipepeo huvutwa na eneo la rangi analoliona kwa mbali. Mvuti, yaani lantana, hupendwa na vipepeo kuliko mimea mingi, lakini mbegu zake husambazwa na ndege hadi malishoni na misituni, ambako huota na kuisonga mimea mingine. Sishauri kuupanda, na kama tayari unao, ukate vishada kabla matunda hayajaiva.

Kipepeo hawezi kuruka vyema mpaka mwili wake upate joto, hivyo vitanda vya maua viwe mahali panapopata jua kuanzia asubuhi, na pawe na ua wa miti au ukuta wa kukinga upepo. Mahali pa unyevu pia pana manufaa. Jaza mchanga kwenye sahani pana ya udongo, uuloweshe, na madume watakuja kunyonya chumvichumvi iliyomo. Kwa vipepeo wa jamii ya Charaxes, wenye mwili mnene, mbio kali na kwa kawaida mikia miwili midogo katika kila bawa la nyuma, maua hayana maana yoyote. Wao hufuata matunda yaliyooza, utomvu wa miti na hata mavi ya wanyama. Embe au ndizi iliyoiva kupita kiasi, ikiwekwa kwenye kibao kilichoning'inizwa kivulini, itawaleta kama wapo karibu.

Kutambua vipepeo

Kabla ya kutafuta jina, hakikisha kwamba si nondo. Vipapasio vya kipepeo huishia kwa kifundo kidogo mfano wa rungu, ilhali vya nondo huwa vyembamba hadi mwisho au vina umbo la unyoya. Baada ya hapo angalia mambo manne kwa pamoja: ukubwa, namna anavyoruka, namna anavyoyaweka mabawa akitua, na mmea alioutua. Rangi pekee hudanganya, na mfano mzuri wa udanganyifu huo ni Danaus chrysippus. Huyu ana mabawa ya rangi ya machungwa, ncha nyeusi zenye madoa meupe, na huruka polepole kama asiye na wasiwasi. Jike wa Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu, anamwiga karibu kabisa ili ndege wamwogope. Tazama bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne karibu na katikati, na jike wa Hypolimnas huwa na doa moja tu karibu na ukingo wa mbele. Dume wa Hypolimnas hafanani na mkewe hata kidogo. Ni mweusi mwenye mabaka makubwa meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau. Anayewaona wawili hao pamoja kwa mara ya kwanza hudhani ni aina mbili.

Papilio demodocus hutambulika kwa ukubwa wake, kwa kukosa mikia kwenye mabawa ya nyuma, na kwa tabia ya kuendelea kupepea mabawa hata anapokunywa. Ndugu yake Papilio dardanus, ambaye viwavi wake nao hula majani ya jamii ya michungwa, ana madume wa njano iliyopauka wenye mikia, huku majike wa bara la Afrika Mashariki kwa kawaida wakikosa mikia na wakiwa na maumbo mbalimbali yanayoiga vipepeo wenye sumu. Junonia oenone ni rahisi zaidi: mweusi mwenye doa kubwa la buluu inayong'aa kwenye kila bawa la nyuma, na hupenda kutua ardhini juani akiwa amefungua mabawa. Junonia hierta ana doa la namna hiyo, ila sehemu kubwa ya mabawa yake ni ya njano. Vipepeo weupe wenye mishipa na kingo nyeusi, wanaopita kwa maelfu wakielekea upande mmoja, mara nyingi ni Belenois aurota wanaohama. Hao hata bustani bora kabisa haitawazuia.

Piga picha mbili kila unapoweza, moja ya upande wa juu wa mabawa na nyingine ya upande wa chini, kwa maana katika vipepeo wengi pande hizo hazifanani, na bila upande wa chini aina nyingi za vipepeo wadogo wa buluu haziwezi kutenganishwa.

Kuwavutia na kuwatambua chozi

Kwa kuwa chozi hutua ili anywe, mpe mimea yenye shina gumu karibu na ua. Mshubiri ni bora kuliko yote, kwa sababu bua lake hubeba maua mengi yenye umbo la mrija na ndege anaweza kulishika huku akinywa ua moja baada ya jingine. Mbamba ngoma hufaa penye nafasi ya mti, na ua la mgomba hutembelewa kila siku lingali likifunguka. Kwenye mhibiskasi utamwona chozi akitoboa tako la ua kwa mdomo na kunyonya kutoka nje, bila kugusa chavua. Si kwamba mmea una kasoro. Ndege amepata njia ya mkato.

Mbochi pekee haitoshi. Makinda hulishwa wadudu na buibui, na jike hutumia utando wa buibui kukifunga pamoja kiota chake, ambacho huning'inia kwenye kijiti kikiwa na mlango wa ubavuni. Bustani inayopuliziwa dawa za wadudu mara kwa mara huwanyima chozi vitu vyote viwili, na viwavi hufa pia, kwa hiyo kuacha dawa hizo ni hatua moja yenye faida mbili. Maji ya kuoga si lazima yawe kwenye beseni: nyunyizia mmea wenye majani mapana asubuhi, na chozi watajisugua kwenye majani hayo mabichi.

Unapomtambua dume, simama jua likiwa nyuma yako. Rangi zake za kung'aa hutokana na namna manyoya yanavyourudisha mwanga, hivyo akiwa kivulini au akiwa mbele ya jua huonekana mweusi tu. Mkubwa mweusi-kahawia mwenye kifua chekundu cha kuwaka ni Chalcomitra senegalensis. Mwenye mgongo wa buluu na kijani, kifua cha zambarau na tumbo la njano, jeupe au la machungwa kutegemea eneo, ni Cinnyris venustus. Mdogo mwenye mdomo mfupi, kijani juu na njano chini, ni Hedydipna collaris, na huyu ni wa pekee kwa kuwa jike wake naye hung'aa, akikosa tu ule mkanda wa zambarau wa kifuani. Katika nyanda za juu tarajia Nectarinia kilimensis, mweusi mwenye mng'ao wa shaba na manyoya mawili marefu katikati ya mkia. Majike wengine wengi ni wa kahawia au kijani kilichofifia, na njia ya uhakika zaidi ya kuwatambua ni kusubiri uone ni dume gani anayeandamana nao.

Chupa ya maji ya sukari si ya lazima kama maua yapo, lakini husaidia kumleta ndege karibu na dirisha. Changanya kikombe 1 cha sukari nyeupe na vikombe 4 vya maji, usitie asali wala rangi, ning'iniza chupa kivulini ikiwa na kijiti cha kutulia, kisha ioshe na kubadilisha maji kila baada ya siku mbili, na mapema zaidi wakati wa joto. Dume akianza kupigana na sura yake kwenye kioo cha dirisha au cha gari, kama wafanyavyo wengi wakati wa kutaga, funika kioo hicho kwa kitambaa kwa upande wa nje mpaka aache, kwa kuwa kuweka pazia kwa ndani hakuondoi taswira anayoiona.